Pawa steshini ya wati 500: itavuta cherehani za mota stima ikipotea?

MshoniMajengo

Asalaam aleikum jamani. Nina duka la kushona hapa Majengo: mabuibui, madera, kanzu za watoto. Stima yetu hupotea itakavyo, na ikipotea Ramadhani inapokaribia kuisha, wateja hukaa kwenye benchi wakinikodolea macho, utadhani ni mie niliyeizima. Jenereta sitaki. Kelele, moshi, na jirani yangu ana mtoto mwenye pumu.

Sasa kuna kijana ananiuzia pawa steshini, kile kisanduku cha betri chenye mkono wa kubebea na soketi za ukutani. Imeandikwa 500W, 512Wh, LiFePO4. Anasema itavuta cherehani mbili za mota, feni, taa na pasi "bila wasiwasi mamangu". Hilo "bila wasiwasi" lake ndilo lililonitia wasiwasi. Bei yake si ya kujaribia. Mwenye kujua anieleze, tena kwa lugha ya mtu wa sindano.

FundiKuze

Waaleikum salaam dadangu. Pasi itoe kabla hatujaendelea. Pasi ya umeme hula wati 1,000 na kwenda juu. Kisanduku cha wati 500 kitajizima kabla haijashika moto. Kama ile ya mkaa bado unayo, ifute vumbi.

Hizo namba: 500W ndio mwisho wa nguvu kinachoweza kutoa kwa wakati mmoja. 512Wh ni akiba iliyomo ndani, na haikufikii yote, kwa sababu kuugeuza umeme wa betri uwe wa volti 240 kunakula sehemu yake. Mie huwahesabia watu 430 hivi.

Sasa cherehani, na hapa ndipo wauzaji wengi hunyamaza. Chungulia chini ya meza yako. Ukiwasha swichi, mota inaanza kunguruma na kuzunguka hata kabla hujakanyaga? Hiyo ni mota ya klachi. Hiyo inakula umeme ukishona, inakula ukitunga uzi, inakula ukibishana na mteja. Mbaya zaidi ni ule mshtuko wa kuwaka: kwa kufumba na kufumbua huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa ubavuni mwake. Mota ya wati 400 inaweza kukizima kisanduku cha 500 hapo hapo, na muuzaji atakwambia cherehani yako mbovu.

Kabla ya kununua betri, badilisha mota. Weka ya savo. Yenyewe iko kimya, inazunguka pale tu unapokanyaga, na inaanza polepole. Usitishike ukiona imeandikwa wati 550, kazi ya kushona haifiki huko. Nikikupa wati 100 za wastani kwa kila cherehani, na hapo nimekuwa mkarimu, feni 50, taa za LED 20, jumla ni 270. Gawa 430 kwa hizo: saa moja na nusu. Ukishona na moja tu, saa mbili na nusu. Na mkiwa wawili msikanyage kwa pupa pamoja.

Betri yenyewe ni nzuri, hapo kijana hakukudanganya. Hiyo LiFePO4, yaani lithiamu ya fosfeti, haishiki moto kirahisi kama zile lithiamu nyingine, na watengenezaji wengi huandika mizunguko 3,000 au zaidi ya kuchaji kabla haijashuka hadi asilimia 80. Ilitoka kwenye maabara ya mzee Goodenough, mwanasayansi wa betri, kule Texas miaka ya 1990. Nobeli alipewa 2019, akiwa na umri wa miaka 97! Sisi huku mtu akifika 60 wanawe wanamwambia apumzike.

Isipokuwa Mombasa ina maudhi yake. Joto kwanza. Betri hizi nyingi hukataa kuchajiwa zikipita nyuzi 40 au 45, na chini ya mabati wakati wa kaskazi hizo nyuzi unazipata bila kuzitafuta. La pili kwako wewe ni nyuzi za pamba. Niliwahi kukifungua kisanduku cha fundi mwenzio, kafeni kake ka ndani kamevaa sufi nyeusi ya mabuibui pande zote, hakazunguki tena. Kilikuwa kinawekwa chini ya meza ya kushonea, ndiko kunakoangukia vumbi lote. Chako kiweke juu, mbali na ukuta kidogo, na mlango wa hewa uupige brashi kavu mara kwa mara.

Muulize pia kama kinatoa umeme wenye wimbi laini kama wa ukutani. Vile vya wimbi la ngazi mota huvuma na kupata moto.

BodaTudor

Fundi, nami nikudandie hapo hapo. Kuna pawabenki naiona barabarani imeandikwa 80,000mAh, inaingia mfukoni. Ni kweli?

FundiKuze

Mwanangu, ipeleke Marikiti kwa muuza vitunguu aiweke kwenye mzani. Seli ya duara ya 18650, ile iliyojaa kwenye vifaa hivi, nzuri kabisa hubeba kama 3,500mAh na uzito wake unakaribia gramu 50. Kufika 80,000 unahitaji seli 23. Hizo peke yake zinapita kilo moja. Hiyo yako ya mfukoni ina gramu ngapi? Wengine huweka na mchanga ndani, kwa hivyo hata ikiwa nzito itikise kwanza.

Na usafiri wa ndege: ukitaka kuingia nayo bila kuomba ruhusa, isizidi 100Wh. 20,000mAh kwa volti 3.7 ni 74Wh, unapita. Ya 80,000 wakiiamini namba yake watakurudisha, wasipoiamini watakucheka.

MwanaLikoni

Si bora dada asubiri betri za sodiamu? Nasikia ni za chumvi, nafuu, na chumvi sisi tunayo bahari nzima.

FundiKuze

Zimeanza kutoka, ni kweli. Kampuni ya CATL ya Uchina ilitangaza yake 2021, na mwaka 2025 Elecom ya Japani ikaanza kuuza pawabenki ya sodiamu ya 9,000mAh, wanasema inastahimili mizunguko 5,000. Lakini ina gramu 350 hivi, na ya lithiamu ya ukubwa huo huwa kama 200. Sifa yake kubwa ni kufanya kazi penye baridi ya kuganda. Hapo Likoni baridi hiyo utaipatia wapi, ndani ya friji ya samaki? Zikishuka bei tutazitazama. Ramadhani haitazisubiri.

MshoniMajengo

Nimechungulia chini ya meza. Zote mbili zinanguruma. Basi kijana namwambia angoje, naanza na mota. Pasi ya mkaa ninayo, ya marehemu mamangu. Kakangu, savo nitaipata Mombasa hii au mpaka niagizie Nairobi?

FundiKuze

Uliza kwanza wanaouza vipuri vya cherehani hapa mjini kabla ya kupiga simu Nairobi. Nenda na mkanda wako wa zamani mkononi, maana puli ya savo huenda isilingane na ya klachi na mkanda ukawa mrefu. Na nunua moja tu kwanza, uifunge kwenye cherehani unayoshonea kanzu.