Pesa za timu za mtaani zinapotea kwenye fomu ya mtoto wa miaka 12, na viongozi wapo tu

Wakuu,

Kila kijana wetu akiuzwa nje, pongezi zinajaa mitandaoni. Timu ya mtaa iliyomlea inabaki na magoli ya miti na mpira uliochanika, na watu wanadhani ndivyo sheria ilivyo. Si kweli. Sheria ipo upande wa timu hiyo, kinachoiua ni uzembe wa usajili.

Kwa kanuni za FIFA, asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa inakatwa kwa ajili ya klabu zote zilizomsajili mchezaji tangu msimu wa miaka 12 hadi 23. Hizi ndizo pesa za mshikamano. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada, na kuanzia 16 ni 0.5. Kijana akiuzwa euro milioni 1, timu iliyokaa naye kuanzia miaka 12 hadi 17 ina euro 20,000 zake, zaidi ya shilingi milioni 50! Na akiuzwa tena kabla mkataba haujaisha, inalipwa tena. Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, ada ile haikuwa ya Genk peke yao.

Sasa fungua pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji wetu wa kawaida, yaani rekodi ya klabu zote alizosajiliwa na tarehe zake. Mstari wa kwanza: miaka 18, klabu ya ligi kuu. Juu yake patupu. Miaka sita ya kocha wa mtaani haipo, kwa sababu alicheza ndondo na mashindano ya shule bila kuingizwa kwenye mfumo wa usajili wa shirikisho. Picha za timu na ushuhuda wa mjumbe havisaidii kitu, kinachohesabiwa ni tarehe za usajili zilizothibitishwa na shirikisho.

Halafu kuna hili la vijeba, linaniudhi kuliko yote. Mtoto wa miaka 15 anaandikiwa 12 ili timu ibebe kombe la wilaya. Mnajua mmefanya nini? Misimu yake mitatu iliyopita imeshakuwa ya "chini ya miaka 12", hailipwi hata senti. Kombe la plastiki kwa misimu mitatu ya malipo!

Tangu Novemba 2022 malipo yanapitia kituo cha malipo cha FIFA kilichopo Paris. Kijana akiuzwa na pasipoti yake ya muda ikitoka, kuna siku 10 tu za kuikagua na kuomba klabu iliyosahaulika iingizwe. Chama cha wilaya kisichofungua barua pepe kinazimaliza siku hizo bila habari. Hata ukiingizwa, klabu yako inakaguliwa kabla ya kulipwa: usajili wa kisheria, viongozi wanaotambulika, akaunti ya benki ya klabu yenyewe. Timu ngapi bado zinatumia namba ya simu ya mwenyekiti?

Msingoje kijana aitwe majaribio. Akifika 12, cheti halisi cha kuzaliwa, picha, fomu ya mzazi, aingie kwenye mfumo, na kila msimu hakikisheni bado yupo. Akihama, tarehe ya kuondoka iandikwe.

Viongozi wa wilaya mliomo humu, jibuni kwa namba: msimu huu mmesajili watoto wangapi wa chini ya miaka 15?