Tupeane uzoefu: nyimbo za ngoma za kwetu Kusini, wewe ulizifunzwa na nani?

Mtoa mada (Newala): Wakuu, likizo ya Juni ndiyo hii, wali (vijana waliokuwa jando na unyago) wanatolewa kila kona. Juzi kwenye shughuli moja bibi kaanzisha wimbo wa zamani, wakaitikia watu wanne, DJ akaufunika na singeli. Wimbo wa ngoma usio na waitikiaji haupo! Anayeanzisha ana mstari mmoja tu, uliobaki ni wa watu. Wenye uzoefu karibuni.

Mpwa wa Mpigaji (Tandahimba): Nimerithi ngoma kwa mjomba. Watu hudhani kazi inaanza na kupiga, kumbe inaanza na moto. Unawasha nyasi kavu, unapasha ngozi, unagonga kwa kidole, unasikiliza, unapasha tena. Chinganga, ile ngoma ndogo, ina mguu uliochongoka, unauchomeka ardhini, unapiga kwa fimbo mbili nyembamba. Yenyewe inalia juu, kubwa zinajibu chini. Ikipoa katikati ya sindimba, hata viuno vinalegea. Mjomba hakuwa na maneno. Alinipa mdundo mmoja usiobadilika, niupige mpaka kunakucha. Ukikosea anakutazama tu, na hilo jicho bora fimbo.

Mama Wawili (Nachingwea): Nilipochezwa unyago, nyakanga (kungwi wetu) alituimbia wimbo wa chungu na mwiko, tukacheka weee. Maana yake niliipata nikiwa kwa mume. Maneno siandiki, ya ndani ni ya ndani, na msinifuate inbox 😂. Ila za kutwangia hazina siri: wanawake watatu kinu kimoja, wimbo ndio unaopanga mchi upi ushuke. Ukikatika, michi inagongana.

Mjukuu wa Masasi: Babu alipitia jando la kanisa. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ya Masasi 1926 hadi 1944, hakulipiga marufuku jando, alilibatiza: sala zikashika nafasi ya matambiko. Babu alikuwa akisema mchana tenzi, usiku nyimbo zilezile za wazee.

DJ wa Mtaa: Mnanionea jamani. Mwenye shughuli ndiye anayelipa, akitaka singeli napiga singeli. Mkimtaka bibi, semeni mapema nimpe maiki.

Mtoa mada: Maiki ya bibi peke yake haisaidii, mkuu. Wanaoitikia je?

Mpwa wa Mpigaji: Na spika uzime kabisa, sio kupunguza. Chinganga haishindani na jenereta.