Tupeane uzoefu: Ulichaguaje kozi ya masta, na mitihani ya kuingilia ulijiandaaje?

Wakuu, habari za Makao Makuu, Dodoma. Nipo Mtumba, mji wa serikali, na hapa ofisini homa ya kurudi shule imetushika karibu wote. Chuo hakitusumbui: UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ipo hapo, Chuo cha Mipango wapo, St John's wapo, CBE (chuo cha biashara) wapo. Kinachotusumbua ni usome nini. Mwenzetu mmoja anataka kwenda nje, ameambiwa alete IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, sasa hivi halali. Mliopita njia hiyo, mwageni uzoefu. Wenye "kila la heri" peke yake, wapite kushoto jamani.

Mwalimu wa Kongwa
Mkuu, kwetu walimu wimbo ni mmoja tu: kasome utawala wa elimu, utapata uafisa. Na mimi nilikuwa naelekea hukohuko. Kabla ya kujaza fomu nikaingia maktaba ya chuo kusoma tasnifu za waliotangulia, siyo zote, ile sura ya kwanza tu wanapoeleza tatizo, na ukurasa wenye jina la msimamizi. Hapo ndipo akili ilifunguka. Za utawala niliziona zinafanana, unabadilisha jina la wilaya tu. Za mitaala na ufundishaji zilikuwa zinaongelea darasa langu kabisa: watoto wamebanana, kitabu kimoja dawati zima, hesabu inafundishwa kwa Kiingereza ambacho mtoto hajakishika. Nikamfuata mhadhiri ambaye jina lake lilikuwa linajirudia, nikamuuliza una wanafunzi wangapi sasa hivi, na wanachukua muda gani kumaliza. Alijibu bila kuuma maneno. Mwenye kukwepa swali hilo, muogope.

La pili, na hili wengi hawaambiwi: ukiwa mtumishi wa umma, anza na ofisa utumishi wako. Uliza kama jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo, na kama kozi unayoitaka inaendana na muundo wa kada yako. Kuna watu wana vyeti vizuri kabatini na cheo hakijasogea hata hatua.

Mhasibu Area D
GPA iangalieni mapema, vyuo vingi vinataka kuanzia 2.7 ya digrii ya kwanza. Na kama wewe ni mhasibu, maliza CPA kwanza, ile sifa ya kitaaluma ya uhasibu, masta haikimbii. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa CPA, ipo Mei na Novemba, unajipanga.

Mdau wa Nkuhungu
Sikubaliani na wa hapo juu. Anayetaka kufundisha chuoni CPA peke yake itamfikisha wapi? Inategemea unaelekea wapi, mkuu.

Nesi wa zamu ya usiku
Nije kwenye IELTS. Kwanza hakikisheni mnajiandikisha Academic, maana ipo na General, na chuo kikitaka ile ukapeleka hii, hela imekwenda. Lugha yenyewe siyo kitisho kikubwa kwa mtu aliyesoma digrii kwa Kiingereza. Kitisho ni saa. Kuandika ni dakika 60 kwa maswali mawili, la kwanza maneno yasiyopungua 150, la pili 250, na la pili ndilo lenye uzito. Mimi nilikuwa naanza na la pili, natega simu dakika 40, ikilia nakata hata kama sentensi ipo katikati. Wodi ikitulia naandika moja, nikitoka asubuhi nasahihisha.

Kusikiliza mnasikia mara moja tu, hakuna kurudia. Halafu someni maelekezo: wakisema maneno yasiyozidi mawili, ukiweka matatu umekosa, hata kama jibu ni sahihi. Na msifanye mapema mno, vyuo havipokei matokeo yaliyopita miaka miwili.

Kijana wa Kisasa
GRE, mtihani wa kuombea masta hasa Marekani, kifupi: hesabu zake ni za sekondari, msiogope. Maneno ndiyo yanatoa jasho. Tangu Septemba 2023 wameufupisha, hauzidi saa mbili. Ila soma kwanza ukurasa wa idara unayoomba, kozi nyingi Marekani siku hizi hawaudai. Usitoe hela kwa mazoea. Mwenye kuwinda Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza wa kusoma masta, andaa saa 2,800 za uzoefu wa kazi na kozi tatu za kuomba, kwa hiyo huko nako suala la kuchagua linarudi palepale.

Mleta mada
Asanteni sana. Mwalimu, hizo tasnifu mtu asiye mwanafunzi anaruhusiwa kuziona?

Mwalimu wa Kongwa
Nenda na barua ya utambulisho kutoka ofisini, wahi asubuhi, ongea na mkutubi vizuri. Nyingine zipo kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, unashusha ukiwa kitandani. Anza na za miaka ya karibuni.