Tupeane uzoefu: Ijumaa na Jumamosi mjini Sur, kutoka Maskati

Mwinyi wa Seeb (mleta mada)

Assalaam alaykum wanajamvi. Joto limevunjika na maswali ya Sur yameanza tena. Tuyajibu hapa kwa pamoja, lakini tusisimuliane nani alikwenda na nani. Tajeni umbali, saa, gharama, na mahali watu wanapokwama.

Naanza na njia. Sur iko kama kilomita 200 kusini mashariki ya Maskati kwa barabara namba 17, ile ya pwani inayopita Quriyat, Dibab, Fins na Tiwi. Ni saa mbili na kitu bila kusimama. Ile namba 23 ya bara, ya kupitia Ibra, ni ndefu zaidi na bahari huioni; inawafaa wanaokwenda kwenye mchanga wa Bidiyah. Vituo vya watu wengi ni shimo la Bimmah, Wadi Shab (wadi ni bonde la mto), Sur mjini na Ras al-Jinz kwa kasa. Vyote vinne vinaingia ndani ya siku mbili kwa sharti moja: Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi gari liwe limeshatoka Maskati. Ukiondoka saa nne, umebakiwa na viwili.

Dereva wa Namba 17

Gari dogo linatosha, lami inafika hadi Ras al-Jinz. Msidanganywe kukodi gari kubwa kwa ajili ya safari hii. Mahali pekee linapohitajika ni kuingia ndani kabisa ya Wadi Tiwi, njia nyembamba yenye milima mikali na magari mawili hayapishani.

Petroli ni baisa 230 hadi 240 kwa lita (baisa 1,000 ni riali moja). Kwenda na kurudi kilomita 400, weka 100 za Ras al-Jinz na mizunguko ya mjini, jumla 500. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100 litataka lita 40, yaani chini ya riali 10. Mkiwa wanne mnagawana riali mbili na nusu.

Kinachouma ni mkataba wa kukodi. Mikataba mingi inakupa kilomita 200 au 250 kwa siku. Siku mbili za 200 ni 400, na zile 100 zinazozidi unalipia moja moja. Uliza bei ya kilomita ya ziada kabla ya kutia saini, au omba ya 250. Halafu piga picha rimu na chini ya bampa la mbele, maana ndipo penye ugomvi wakati wa kurudisha.

Mwendo ni 120 na kamera zipo njia nzima. Gari likilia tii-tii, punguza tu. Usiku kati ya Sur na Ras al-Hadd, upande wa Ras al-Jinz, msiende hata 120: ngamia wanavuka, rangi yao ni ya barabara, na taa zako zinamulika miguu tu huku mwili wote uko juu ya boneti.

Msafiri wa Ruwi

Kwa wasio na leseni: Mwasalat, shirika la mabasi la Oman, wana basi la Maskati–Sur. Tazama saa kwenye programu yao siku moja kabla, siku ya Ijumaa ratiba si lazima iwe ile ya siku nyingine. Ila basi linakufikisha mjini, halikungojei Wadi Shab. Ukienda kwa basi, fanya safari yako iwe ya Sur na kasa. Teksi ya kwenda Ras al-Jinz mpatane bei ya kwenda, kungoja na kurudi kwa mkupuo. Usiku wa manane kule hakuna teksi ya kupunga mkono.

Bi Shuu

Wadi Shab niachieni mimi.

Mnaegesha chini ya lile daraja kubwa la barabara kuu, pale Tiwi. Vyoo ni pale tu, ukishavuka hakuna kingine. Boti ya kuvuka ni dakika mbili, riali moja kwenda na kurudi. Chukua noti ndogo, kadi ya benki haimsaidii nahodha. Muulize boti ya mwisho inarudi saa ngapi, maana jioni wanafunga, na anayechelewa anaogelea na mkoba kichwani.

Baada ya hapo ni mwendo wa miguu wa dakika 40 hadi 45. Mwanzo ni kando ya mashamba ya mitende na migomba, kisha njia inapanda kwenye mawe meupe yaliyolainishwa na maji. Hapo ndipo watu wanapoanguka, na sababu ni viatu: kandambili zinateleza, na kiatu cha ngozi kikilowa hakifai tena. Vaa raba kuukuu yenye meno, na uingie nayo majini, kwa sababu chini ya maji mawe ni yale yale.

Njia inaishia kwenye mabwawa. Kuna sehemu unatembea, sehemu unaogelea kweli, maji yanapita kimo cha mtu. Mwisho kabisa ni ufa mwembamba kati ya majabali mawili, kichwa tu ndicho kinachopita juu ya maji, na ndani kuna pango lenye maporomoko. Anayeogopa mahali finyu asilazimishwe. Asiyejua kuogelea abaki bwawa la kwanza au avae jaketi la kuelea alilokuja nalo mwenyewe, asitegemee kulikuta.

Mahitaji: maji lita mbili kwa kila mtu, mfuko usiopitisha maji kwa simu na funguo (funguo za gari za siku hizi zikilowa gari haliwaki), tende au ndizi, na mfuko wa kurudishia taka zako. Mavazi: fulana na suruali inayofika magotini kwa wanaume, na kwa wanawake nguo ndefu nyepesi ya kuogelea. Watu wa kijiji wanapita njia hiyo hiyo kwenda mashambani kwao. Wameweka mabango ya kuomba heshima, bado kuna wanaojitia hawaoni.

Mwinyi wa Seeb

Bi Shuu, na sala ya Ijumaa je?

Bi Shuu

Ndiyo maana ya kutoka mapema, shekhe. Mkifika saa mbili kasoro, hadi saa tano mmeshatoka, mnabadilisha nguo, mnaswali Tiwi. Mkianza kupanda saa tano, jua liko utosini na msururu wa boti ni mrefu, kwa sababu nusu ya Maskati imewaza kama nyinyi.

Kaka Bimmah

Naungana na Bi Shuu, na ninapingana kidogo na mleta mada. Shimo la Bimmah msisimame wakati wa kwenda. Liko njiani kabla ya Fins, mtalikuta tena Jumamosi mkirudi. Asubuhi ya Ijumaa kila nusu saa ni mali.

Lenyewe ni shimo la mawe ya chokaa lililotitia, upana kama mita 50 kwa 70, kina cha mita 20 hivi hadi kwenye maji. Wenyeji wanaliita Hawiyat Najm, wakisema nyota ilianguka. Kilichotokea ni maji kuyala mawe ya chokaa kwa chini hadi dari likaporomoka. Maji ni ya chumvichumvi, rangi ya feruzi. Kiingilio bure, ngazi za saruji zinafika chini, na vidagaa vitawatafuna visigino. Msirukie majini kutoka ukingoni: kina hakilingani, upande mmoja ni mawe matupu. Saa moja inatosha kabisa.

Mzee wa Quriyat

Mafuriko hayajatajwa, na ndiyo yanayoua. Mvua inanyesha milimani, nyinyi mko bondeni chini ya anga la buluu. Maji yanakuja kwa dakika, yana mawe ndani yake. Dalili ni maji kubadilika rangi kuwa ya matope, vijiti na majani kuelea, na ngurumo upande wa juu. Ukiona moja, panda ubavuni kwenda juu, usikimbilie ulikoegesha gari. Tahadhari ya hali ya hewa ikitaja Milima ya Hajar Mashariki au Sharqiyah Kusini (mkoa wenye Sur), wadi ifutwe siku hiyo, mwende mjini moja kwa moja. Na wadi inayopita maji barabarani haivukwi kwa gari. Ni kosa kisheria mbali na kuwa upumbavu. Kimbunga Gonu cha 2007 kiliinyoa pwani hii yote.

Fundi Keke

Sur yenyewe wengi wanaipita kwa kupiga picha mbili. Kwa mtu wa pwani yetu hapa ndipo penye utamu.

Majahazi yaliyokuwa yakiingia Lamu, Mombasa na Unguja na kaskazi, mengi yalikuwa ya Wasuri. Walishuka na tende na papa mkavu, wakarudi na kusi wakiwa wamepakia boriti za mikoko za Lamu na Rufiji. Ukiingia nyumba ya kale popote Oman, inua kichwa utazame dari. Boriti hizo hazizidi mita tatu na kitu, na ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba huku na huku ng'ambo.

Karakana ya majahazi iko kando ya khori, upande wa mjini, karibu na daraja la kuning'inia. Nendeni asubuhi ya Jumamosi. Ijumaa hakuna kazi. Kama kuna chombo kwenye magogo, angalieni mpangilio: mkuku (uti wa chini wa chombo), kisha mbao za ubavu zinainuliwa kwanza, mataruma (mbavu za ndani) yanafuata na kuchongwa yalingane na umbo lililokwisha patikana. Boti za kiwandani hufanya kinyume. Mbao za ubavu ni msaji wa India. Katikati ya mbao na mbao inapigwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta. Ikipigwa legelege chombo kinavuja, ikipigwa kwa nguvu mno inasukuma mbao zitoke kwenye misumari. Mafundi wengi ni Wahindi, salamu inatosha, na muombe ruhusa kabla ya kupanda jukwaani.

Hapo jirani amewekwa nchi kavu Fath al-Khair, ghanja (aina ya jahazi kubwa) aliyeundwa Sur 1951, akauzwa Yemen, watu wa Sur wakachanga fedha na kumrudisha 1993. Mzungukeni hadi tezi. Nakshi za ghanja ziko huko nyuma, na watu wanapiga picha omo, yaani mbele, tu wakaondoka.

Jambo la mwisho: tazameni maji. Khori ya Sur maji yakipwa, hasa siku za bamvua, inabaki matope na mashua zimelala ubavu. Mandhari ile ya picha, mnara wa taa wa Al Ayjah na nyumba nyeupe juu ya maji, inataka maji yaliyojaa, na jua la alasiri likiwa nyuma yenu mkiwa upande wa mjini. Jedwali la kupwa na kujaa mnalipata kwenye simu. Panga mnara kwa saa ya kujaa, ngome ya Sunaysilah muiweke saa nyingine yoyote.

Mama Nahya

Kasa: Ras al-Jinz ni kilomita 45 hadi 50 kutoka Sur. Huingii pwani bila mwongozo wa kituo, na nafasi huwekwa kabla, kwa intaneti au simu. Wikiendi hujaa. Wakaazi wa Oman wana bei nafuu kuliko wageni, basi nenda na kadi ya ukaazi. Kuna zamu ya usiku, kama saa tatu, na ya alfajiri.

Chagueni hivi. Usiku ndio mnaona kasa anachimba na kutaga, mayai kama 100 kwa mkupuo, lakini picha haziruhusiwi. Alfajiri kasa ni wachache, pengine mmoja anarudi baharini, lakini mwanga upo na picha ruksa. Msimu mkubwa ni Mei hadi Septemba. Miezi ya baridi wapo wachache, na kuna usiku hapandi hata mmoja. Hela hairudi kwa sababu ya kasa kutotokea.

Taa ya simu izimwe kweli. Kasa mama akimulikwa anageuka bila kutaga, na watoto wakianguliwa hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Ukiwasha tochi, wanakufuata wewe nchi kavu, na asubuhi ndege wanawamaliza.

Mwanafunzi wa Nizwa

Na chakula? Ijumaa mchana nasikia mji wote umefungwa.

Mama Nahya

Toka saa tano na nusu hadi saa nane hivi, ndiyo, na maduka mengi hayafungui hadi saa kumi. Nunueni mkate, maji na matunda kwenye sheli ya Quriyat asubuhi. Jioni Sur kuna mishikaki kando ya barabara, na mikahawa ya samaki: ulizeni nguru au jodari wa siku hiyo, achomwe, msikubali wa kugandishwa kwa bei ya mbichi. Soko la samaki lina uhai asubuhi tu.

Dada wa Bujumbura

Mtoto wa miaka sita Wadi Shab?

Bi Shuu

Hadi mabwawa ya kwanza, sawa, akiwa na jaketi na mtu mzima wa kumwangalia yeye tu. Pango, hapana. Watoto wakiwa wengi kuliko watu wazima, badilisheni na ufukwe wa Fins, changarawe nyeupe, maji safi. Hakuna kivuli hata cha mti mmoja, chukueni hema au mwavuli. Na bahari inashuka ghafla, msiwaache wakatembea mbele.

Kaka Bimmah

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu Qalhat. Ni mji wa kale baina ya Tiwi na Sur, uliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2018. Ibn Battuta aliufika, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa 1331. Kilichosimama ni kaburi la Bibi Maryam, kuba lake limevunjika, na lina uzio. Msipange saa nzima kwa ajili yake. Tokeni barabara kuu, mtazame kwa dakika chache, mkikuta geti wazi ni bahati yenu.

Dereva wa Namba 17

Kurudi: Jumamosi tokeni Sur saa tisa alasiri isizidi, Bimmah mtaifikia kabla ya saa kumi na moja, na mteremko wa kuingia Maskati mtaupita kabla ya msongamano wa usiku. Jazeni tangi Sur. Sheli kati ya hapo na Quriyat ni za kuhesabu.