Jukwaa la Hogan pale Croke Park: jina apewe aliyecheza au aliyekufa?

Mtoa mada: Wakuu, hili linanisumbua. Croke Park, Dublin, ndio makao makuu ya mpira wa Gaelic, ule mchezo wa asili wa Ireland wa kutumia mikono na miguu, na jukwaa lao kubwa linaitwa Hogan Stand. Michael Hogan alikuwa beki wa Tipperary, timu ya kaunti ya huko Ireland, akapigwa risasi uwanjani 21 Novemba 1920, polisi na askari wa Uingereza walipovamia mechi yao na Dublin, asubuhi yake watu wa Michael Collins, kiongozi wa wapigania uhuru wa Ireland, walikuwa wameua majasusi wa Kiingereza. Kifo chake nakiheshimu. Ila Dick Fitzgerald, mchezaji wa kaunti ya Kerry, kabeba ubingwa wa Ireland mara 5, nahodha 1913 na 1914, na kitabu cha kufundisha huo mchezo akaandika. Kwa nini jina lisiwe lake? Hogan ni beki tu.

Kitasa: Beki TU?? Straika akikosa tano akafunga moja anabebwa juujuu, beki akiokoa tano akateleza moja anatukanwa mpaka kwao. Hizi dharau ndio zinaua mpira.

Mtoa mada: Ndugu soma vizuri, nimeuliza habari ya jina la jukwaa.

Kitasa: Nimesoma, umeandika "beki tu". Tipperary hao hao ndio waliobeba ubingwa wa 1920, fainali ikaja kuchezwa 1922 sababu ya vita vya uhuru, wakaifunga Dublin ile ile. Ubingwa hauji bila ukuta.

Binti Pwani: Mnagombania namba za jezi wakati siku ile walikufa watu 14! Hogan ndio mchezaji pekee, wengine walikuja kuangalia mpira. Watoto wa miaka 10, 11 na 14. Jane Boyle alikuwa karibu aolewe. Tom Ryan alimuinamia Hogan amuombee sala, na yeye akapigwa. Jina la Hogan linawabeba wote hao.

Mzee wa Kona: Fitzgerald hajaonewa, Killarney, mji wa huko Kerry, kuna uwanja mzima wa jina lake tangu 1936. Na huku kumtenganisha na vita mmekutoa wapi? Baada ya uasi wa Pasaka 1916, Waairishi walipoasi utawala wa Uingereza, Waingereza walimfunga kambi ya Frongoch, kule Wales. Hawa watu mpira na siasa vilikuwa kitu kimoja.

Mtoa mada: Killarney ni kwao mzee, kila mtu anaheshimiwa kwao. Na dada, kama jina linawabeba wote basi si yaandikwe yote 14?

Kitasa: Sasa unahamisha magoli.

Binti Pwani: Mwache ahamishe, hapo kagusa penyewe. Hogan kapewa jukwaa miaka ya 1920 huko huko, ila baadhi ya wale wengine makaburi yao yalikaa bila hata jiwe la jina, mpaka miaka hii ya karibuni chama cha Gaelic, GAA, kilipoanza kuyawekea. Sitaki Hogan apunguziwe chochote, nataka mtu anieleze kwa nini mashabiki wasubiri karibu karne nzima.