Anwani 256 na hakuna mwenyewe! Nimechoka na daftari la WHOIS

Wanajamvi, hamjambo. Nina hasira, mnivumilie.

Tuna ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa karibu na Moi Avenue. Kila mwezi twalipia faiba pamoja na anwani moja ya IP ya kudumu (namba inayotutambulisha kwenye intaneti) kwa ajili ya seva yetu ya imeili. Jumanne ya wiki iliyopita imeili zikaanza kurudi moja baada ya nyingine, zote na ujumbe wa 550: zimekataliwa, tumo kwenye orodha nyeusi ya watuma barua taka. Sisi! Kontena la mteja wa Kampala liko Kilindini, siku za kukaa bila malipo zinakwisha, na barua ya kuomba liachiwe haifiki kwa wakala wa meli. Mteja alipopiga simu siku ya tatu hakuulizia kontena tena, aliuliza kama tumefunga ofisi. Ikabidi nipande boda na karatasi mkononi. Na msiniambie nitumie imeili ya bure: wakala wa meli hafanyi kazi na anwani isiyo ya kampuni.

Nimechunguza. Anwani yetu haina kosa lolote. Kilichofungiwa ni fungu zima la /24, yaani anwani 256 zinazofuatana, yetu ikiwamo, kwa makosa ya jirani nisiyemjua. Wenye orodha wanataka ombi litoke kwa mwenye fungu. Haya, mwenyewe ni nani?

Mtoa huduma wetu nimempigia mara sita. Mara tano naambiwa, "Kaka, zima ruta kisha uwashe." Mara ya sita: fungu si letu, tumelikodi. Kwa nani? "Hiyo ni siri ya kampuni."

Usiku huo nikakaa na WHOIS, daftari la mtandaoni linaloonyesha anwani ya IP ni ya nani. Kwa wasiojua, anwani za Afrika huandikishwa AFRINIC, kule Ebène, Mauritius, mojawapo ya masjala tano za anwani za IP duniani. Ukiweka anwani kwenye daftari lao unapaswa kuona jina la shirika, simu, na imeili ya kupokea malalamiko. Nilichopata ni kampuni nisiyowahi kuisikia, sanduku la posta la Nairobi, na rekodi ambayo mara ya mwisho kuguswa ni 2013. Simu haipatikani. Imeili ya malalamiko ilirudi kabla sijainua kikombe cha chai. Na njia ya fungu hilo, yaani data zake zipitie wapi, inatangazwa kwenye intaneti na mtandao mwingine kabisa, si wa kampuni hiyo wala wa mtoa huduma wetu.

Sisi wa Kisauni na Majengo twaijua habari ya nyumba bila ardhi: ukuta wako, kiwanja cha mtu usiyewahi kumwona. Lakini hata huko, siku ya kodi mtu hutokea!

Kilichonitia hofu zaidi ni kikoa cha ile imeili ya malalamiko, yaani jina linalofuata alama ya @. Muda wake umekwisha na kinauzwa. Yeyote anaweza kukinunua leo, akaanza kupokea barua za mwenye fungu na kujifanya ndiye. Hivyo ndivyo anwani zinavyoibwa. Anwani za aina hii (IPv4) ni kama bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la dunia liliisha Februari 2011, kwa hiyo fungu lililosahauliwa ni mali. Wizi ndani ya daftari hilihili ulifichuka 2019, na ripoti ya AFRINIC yenyewe ya 2021 ilitaja anwani zaidi ya milioni 4 zilizochukuliwa isivyo halali. Baada ya yote hayo, bado rekodi ya namna hii imo?

Wengine watasema ni faragha. Sitaki kujua mtu analala wapi. Nataka sanduku moja la barua ambalo binadamu analisoma. Na mtoa huduma anayetukodishia anwani atuandikishe sisi wateja chini ya fungu, ili wa kando asiponzwe na mtuma taka.

Nimewaandikia AFRINIC jana, nikaambatisha picha za rekodi na zile imeili zilizorudi. Kama kuna aliyewahi kurekebishiwa rekodi iliyokufa hivi, aniambie alipitia wapi na ilichukua siku ngapi. Mtoa huduma nampa hadi Ijumaa anibadilishie anwani, ama nahama.