Mjadala: Lori la chai lipangwe kwa mbinu ya sisimizi?

Mkulima wa Rungwe: Wakuu, ushirika wetu umeletewa pendekezo: ratiba ya kukusanya majani mabichi isipangwe tena na dereva, ipangwe na programu inayoiga sisimizi. Kikao kimegawanyika. Mimi naunga mkono, na sababu yangu ni masika.

Sisimizi akipata chakula hurudi akiacha harufu njiani. Wenzake hufuata penye harufu kali. Njia fupi hupitwa mara nyingi zaidi, harufu yake ikazidi. Marco Dorigo wa Italia aliigeuza tabia hiyo kuwa hesabu, kwenye tasnifu yake ya mwaka 1992. Wengi husifia harufu, mimi nasifia kukauka kwake. Njia isiyopitwa husahaulika. Barabara ya Mwakaleli ikikatika Aprili, dereva wetu bado anang'ang'ania ileile aliyoizoea, huku majani yanapata joto maguniani.

Suka Mstaafu: Na hiyo programu itajuaje kwamba lori limezama? Sisimizi wako wanatembea ndani ya kompyuta, hawakanyagi tope.

Mkulima wa Rungwe: Karani wa mzani anatuma ujumbe, mzee wangu. Simu anayo.

Suka Mstaafu: Mtandao wa huko kwenye mabonde unaujua, au unausikia?

Namba Tupu: Mnagombana bure. Lori ni moja, vituo saba. Mpangilio wote unaowezekana ni 5,040, simu ya kawaida inaupima wote kufumba na kufumbua na kukupa ulio bora kabisa. Sisimizi hawana dhamana hiyo, wao hukupa jibu zuri tu. Vikifika vituo 15 mipangilio inapita trilioni moja, hapo ndipo waitwe. Siku ushirika wa Rungwe na wa Busokelo wakichanga malori, nitapiga kura ya ndiyo. Leo hapana.

Mkulima wa Rungwe: Mkuu, hesabu yako inadhani barabara zimetulia. Zetu zinabadilika kati ya asubuhi na mchana.

Namba Tupu: Basi piga hesabu upya mchana. Inachukua sekunde.

Mama Tusa: Kaka zangu, mmeongea yote isipokuwa moja. Hiyo programu inalipiwa na nani? Kama ni makato kwenye kilo zetu, semeni mapema, maana mbolea bado tunadaiwa.